Wali wa Wino

Shangazi hakuwa na muda na penseli. Ukimpa penseli aliisukuma kando kwa kidole kimoja, kama unavyomwondoa mdudu mezani, kisha akachomoa kalamu yake ya wino iliyochomekwa kwenye nywele, akaisugua katikati ya viganja mpaka ipate joto, akaijaribu kwenye ukucha wa kidole gumba. "Penseli ni ya watu wenye wasiwasi," alikuwa akisema. "Mteja akiona penseli tu, ataanza: futa hapa, futa pale, mara mguu mrefu, mara mguu mfupi. Akiona wino anajua mambo yamekwisha."

Basi mteja anakaa kwenye benchi, anaeleza. Nataka kitanda, kichwa chake kiwe hivi, marehemu mama alikuwa na cha namna hii. Shangazi hamjibu. Anaanzia chini, kwenye mguu wa mbali kabisa, maana yeye kila kitu alikianzia miguuni, awe mtu, iwe meza. Kalamu inapanda taratibu, inakata kona, inateremka, na yeye ameubana ulimi kwenye pembe ya mdomo. Kivuli ndicho kilichokuwa raha yake kuu: mistari midogo midogo, imelala upande mmoja, ya harakaharaka, kwacha kwacha kwacha, mpaka ubavu mmoja wa kabati unaingia giza na ule mwingine unajitokeza mbele wenyewe. Hapo alikuwa akisikia kitu kitamu kinamtelemka mgongoni, na hata ungemwambia nyumba inaungua angekujibu, ngoja nimalize droo hii. Sijui nikueleze vipi. Kama wewe mkono wako haujawahi kukupa raha ya namna hiyo, basi niamini tu na tuendelee.

Karakana ilikuwa ya kaka yake mkubwa, seremala. Benchi la Shangazi lilikuwa barazani, mbele, kwa sababu kifua chake hakipatani na unga wa mbao. Kaka alimkataza kabisa kuingia ndani kwenye misumeno. "Ukiingia humo utanifia, mdogo wangu," alisema, na yeye Shangazi alimpenda sana kwa maneno hayo. Jina la Shangazi alipewa na mtoto wa kaka, kijana aliyetoka chuo cha ufundi na ambaye wote walimwita Rula, maana hata akikata mkate alitaka kwanza kuupima. Kutoka kwa Rula jina likaenda kwa mafundi, kutoka kwa mafundi likaenda kwa wateja, mwisho hata waliomzidi umri wakamwita Shangazi.

Kalamu ilianzaje? Mume alimrudisha kwao. Hakujaliwa mtoto, na mume alisema nyumba isiyo na mtoto ni stoo. Shangazi akafika kwa kaka yake na sanduku moja, akalala akiuelekea ukuta, hali, haogi, hasemi. Kaka mwenyewe alikuwa mjane, nyumba imemwelemea, masufuria meusi, Rula anakwenda kazini na shati lisilo na vifungo. Asubuhi moja kaka akaingia chumbani na karatasi ya kaki na kalamu. "Mdogo wangu, nina mteja anataka kabati, na mimi mkono wangu mzito, sijui kuchora. Nakuhitaji. Nahitaji mkono wako."

Utotoni Shangazi alichapwa kila muhula kwa kuchora kwenye madaftari, na leo mtu anamwomba achore! Akaketi kitandani akachora kabati lenye milango miwili, akachora na kikombe juu yake, na paka chini yake. Kaka akalitazama akasema, "Lo! Hili kabati lina roho." Siku ile alikula. Wiki ile aliingia jikoni. Na tangu hapo asubuhi alipika chakula cha mafundi, akashinda barazani anachora, saa saba akapakua, jioni akafua. Maisha yakashika njia.

Naye aliringa, jamani, tusifiche. Aliringa mpaka majirani wakachoka. Alikuwa akipita mtaani anasema, "Mimi sikujaliwa mtoto, lakini vitanda vya mji huu nimevizaa mimi." Akialikwa harusini alimwambia jirani yake, "Bibi harusi leo atalala kwenye mstari wangu." Wateja nao walimsifu, tena kwa sauti laini, wameinamisha vichwa upande: mchoro mzuri, Shangazi, hongera sana, Mungu akubariki. Alizoea ile sauti laini. Alidhani ndivyo watu wanavyosema mbele ya kitu kizuri.

Kuna mwaka alikuja bwana mmoja wa kiwanda cha kuchapa vitabu, amefuata dawati. Alikaa pale benchini akasahau dawati. "Shangazi, njoo utuchoree vitabu vya watoto. Nina chumba chenye dirisha kubwa, nina wino wa kila rangi. Fikiria, nitarudi nisikie jibu." Kaka aliposikia habari hiyo alishika kichwa. "Ukiondoka wewe, karakana hii imekufa. Nani atawachorea wateja?" Shangazi akaamua kukataa. Lakini moyoni, kwa siri, alitaka yule bwana arudi amwombe tena, apate kukataa kwa madaha. Hakurudi. Shangazi akasema, watu wa vitabu hao, maneno yao mengi kuliko vitendo, na akaendelea na kazi, ingawa kwa muda mrefu kila gari jeupe likisimama getini alikuwa akinyanyua shingo.

Haya. Sasa sikiliza.

Asubuhi moja alikuja mwalimu mkuu wa shule ya jirani, mwanamke mnene mwenye hatua nzito, amefura. Hakuwa na sauti laini hata kidogo.

"Wewe ndiye uliyenichorea kabati la vitabu?"

"Ni mimi, mwalimu. Karibu ukae."

"Sikai! Mimi nilichorewa kabati lenye miguu iliyopinda, myembamba, kama ya swala anayetaka kukimbia. Nilikwenda nyumbani nikawasimulia wanangu. Jana nimeletewa sanduku lenye miguu kama nguzo za daraja. Hii ni kazi au ni mzaha?"

Shangazi akacheka kwa kujiamini. "Haiwezekani. Kaka yangu hafanyi kazi ya namna hiyo. Labda wamekuletea la mtu mwingine. Ngoja nikuletee mchoro wako, tulinganishe, uone mwenyewe."

Na kwa kuwa kaka alikuwa amekwenda kununua mbao na Rula yuko juu ya lori akipakia viti, Shangazi akajifunga kitambaa puani, akaingia ndani mwenyewe. Kwa mara ya kwanza.

Mwanzo hakuona kitu, ni vumbi na kelele. Kisha macho yakazoea. Akaona makopo ya vanishi yamepangwa kwenye rafu, na chini ya kila kopo kuna karatasi ya kaki, na kwenye kila karatasi kuna mguu wa kitanda, ubavu wa kabati, pembe ya meza, mistari imelala upande mmoja. Akaona karatasi iliyosokotwa kuwa faneli ya kumiminia gundi. Akaona nyingine imekunjwa mara nne imewekewa meza ya randa chini ya mguu isiyumbe. Na kwenye kigoda, karibu na mlango, alikaa Mzee Vanishi, fundi wa rangi, anafutia brashi kwenye miguu ya swala.

"Mzee, hiyo karatasi ni ya mteja."

"Ipi, hii? Aa, Shangazi, si hii ya kwako tu."

"Ni ya kwangu ndiyo, mchoro wa kabati la mwalimu mkuu. Sasa mlitengeneza kwa kuangalia nini, kama mchoro wenyewe unaufutia brashi?"

Mzee Vanishi akacheka, kicheko cha mtu mwema asiyejua amesimama wapi. "Tuangalie mchoro wa nini? Si Rula huwapimia wateja upya kule nje ya geti wakitoka? Huyo mwalimu alikuja siku ile Rula anaumwa jino, hakupimiwa, tukabahatisha tu..." Akamtazama usoni. "Kwani Shangazi hukujua?"

Msumeno ukazimwa. Mafundi wote wakaanza kutafuta kitu sakafuni.

"Sikujua nini?"

"Basi, yaishe."

"Mzee, sikujua nini?"

Mzee akaiweka brashi chini. "Wateja kabla hawajaingia huambiwa kule getini. Kwamba uliumwa. Wakae kidogo, uwachoree, wakusifu, halafu wakitoka Rula anachukua vipimo. Sisi michoro hatujawahi kuitumia, Shangazi, hata mmoja. Ni wema tu wa kaka yako. Ulikuwa mgonjwa bwana, tuliogopa utakufa."

Shangazi alisimama pale na kitambaa puani. Moyoni vitanda vilikuwa vinaondoka kimoja kimoja, vitanda vya mji mzima, na makabati, na lile la kwanza lenye paka. Kisha likamjia jambo jingine, na jinsi lilivyomjia alishika rafu makopo yakagongana.

"Na yule bwana wa vitabu? Naye aliambiwa?"

"Yule alikuwa mkaidi," Mzee alisema, hata kumtazama hawezi. "Alisema yeye haoni ugonjwa pale, anaona kazi. Akarudi. Kaka yako akamfuata mwenyewe getini, akamwambia kichwa chako hakijatulia, kwa watu utaleta aibu. Ndiyo maana hakurudi tena."

Mwalimu mkuu bado alikuwa amesimama barazani, amekunja mikono. "Haya, mchoro uko wapi?"

"Mwalimu, naomba nikuulize. Siku ile ulipokuja, getini ulimkuta mtu?"

"Sikumkuta mtu."

"Hukuambiwa lolote kuhusu mimi?"

"Niambiwe nini? Nilikuja kuagiza kabati, si kuchumbia."

Shangazi akaketi. Machozi yalikuwa yanamdondoka lakini mkono ukachomoa kalamu wenyewe, ukaisugua, ukaijaribu kwenye ukucha. Akamchorea tena lile kabati, akianzia mguu wa mbali, na alipofika kwenye kivuli, uh, ile raha ikaja vilevile, bila haya, kama mbwa asiyejua kwamba nyumbani kuna msiba. Aliichukia. Alimaliza akampa mwalimu karatasi mkononi.

"Mpelekee fundi mwingine. Usiiache hapa. Hili ndilo kabati pekee nililowahi kuagizwa na mtu."

Mwalimu mkuu hakuelewa, lakini aliikunja karatasi taratibu, akaitia katikati ya kitabu ili isijikunyate, akaondoka bila kugomba.

Jioni kaka aliporudi alikwisha ambiwa, maana Mzee Vanishi hawezi kulala na neno. Aliingia jikoni akamkuta Shangazi anachambua maharage. Akavuta kigoda.

"Mdogo wangu, ulikuwa huli. Ulikuwa unautazama ukuta. Ningefanya nini? Nilikupa kalamu, ukapona. Kuna ubaya gani?"

"Ubaya ni kwamba niliringa, kaka. Ulinivika kilemba cha ukoka nikatoka nacho mtaani, nikaingia nacho harusini, na mji mzima unajua ni majani. Wananipisha njia wananiambia hongera."

"Hakuna aliyekucheka."

"Laiti wangecheka! Anayekucheka amekuhesabu mtu. Na nilipokwisha pona je? Siku ile ya kwanza sawa, nilikuwa mgonjwa. Mwaka uliofuata je? Mbona hukuniambia, dada, sasa umepona, kalamu hiyo weka chini, au chora kweli?"

Kaka akainama, anachezea maharage kwa kidole. "Nilishindwa pa kuanzia."

"Na yule bwana wa vitabu, ulishindwa pa kuanzia? Kwake ulianza vizuri sana. Ulimwambia mimi mwendawazimu."

Shangazi akamtazama: shati safi, alilifua yeye. Vifungo vyote vipo, alivishona yeye. Shavu limejaa, alilijaza yeye. Akageuka kuangalia sufuria kubwa, mwiko, mafungu ya kuni, vyungu vilivyopangwa, na akaona kitu alichopaswa kukiona zamani, maana wahenga walikwisha sema mwenye macho haambiwi tazama, na yeye macho alikuwa nayo, tena ya mchoraji.

"Uliniambia unahitaji mkono wangu," akasema. "Kumbe ni huu wa mwiko."

"Usiseme hivyo."

"Basi nambie ni uwongo."

Kaka aliinuka kwenye kigoda. Ni seremala, si msemaji, na tena mtu huyu alimpenda dada yake kwa kweli, sisemi hakumpenda. Alimpenda na alimtaka abaki, na mtu akitaka kitu na kukipenda kwa pamoja anaweza kufanya unyama huku analia. Alitoka jikoni akaenda kukaa peke yake kwenye lori.

Kesho yake saa saba ikafika. Mafundi wakanawa mikono bombani, wakaingia barazani kimyakimya, kila mtu anajitahidi kuwa na adabu. Meza ilikuwa imeandaliwa kama kawaida, tena vizuri zaidi ya kawaida: sahani zimepangwa, kila moja imefunikwa na sahani nyingine, vijiko kando, jagi la maji katikati. Mafundi wakatazamana kwa nafuu. Rula akamnong'oneza Mzee Vanishi, "Si nilikwambia? Hasira zake za siku moja." Kaka akaketi mwisho wa meza, akamtupia dada yake jicho la shukrani.

Shangazi alikuwa kwenye benchi lake, mikono mapajani. "Karibuni," akasema.

Wakafunua.

Kwenye kila sahani kulikuwa na karatasi ya kaki iliyokatwa duara, na kwenye karatasi kulikuwa na wali. Wino mtupu. Lakini wali, punje kwa punje, umekaa kilima, na maharage yanateleza ubavuni, na kila harage lina kinuru chake kidogo mahali ambapo kalamu iliachiwa isiguse. Mvuke ulikuwa mstari mmoja tu, unapanda, unajipinda, unapotelea kwenye ukingo wa sahani. Alianza alfajiri. Katika maisha yake yote hakuwahi kuchora vizuri namna ile, na akijua kabisa hakuna atakayeutumia mchoro, aliona raha tangu punje ya kwanza mpaka ya mwisho, raha chungu inayotafuna fizi.

Fundi mmoja akaguna. Mwingine akacheka, akaona wenzake hawacheki, akakohoa.

"Shangazi," kaka akasema polepole, "chakula kiko wapi?"

"Kiko mbele yako, kaka."

"Watu wana njaa. Wametoka kazini."

"Kwani mchoro mbaya? Usifuni kidogo. Semeni, hongera Shangazi, Mungu akubariki. Laini, vichwa mviinamishe upande, mnajua wenyewe." Hakuinua sauti. "Halafu mwiteni Rula awapimie upya."

Rula aliwaka masikio. Mzee Vanishi alifunika sahani yake taratibu kama anayefunika uso wa maiti. Wakakaa, hakuna aliyejua sheria ya meza ile ni ipi, mpaka njaa ikaamua: mmoja akatoka kwenda kununua chapati na chai kwa mama wa kibanda cha nje, wengine wakamfuata, wakarudi wakala wamesimama, juu ya meza ileile. Na mikono ilipojaa mafuta, wakafanya walivyozoea. Hawakukusudia, nadhani. Mkono ukiona karatasi unafuta. Punje za wali zikatapakaa samli, wino ukafifia, karatasi zikafinyangwa zikatupwa kwenye pipa la maranda, na wote wakarudi kwenye misumeno yao.

Akabaki kaka. Karatasi yake hakuifutia mikono. Alikuwa bado ameishika kwa ncha za vidole, anaitazama, na Shangazi akaona macho yake yanafuata punje, yanafuata mvuke mpaka unapopotelea. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona anautazama mchoro wake mpaka mwisho.

"Sikujua," akasema. "Wallahi sikujua kama unaweza hivi."

Shangazi alisubiri. Alikuwa radhi, Mungu anajua, kwa neno moja zaidi, lolote lile: kwamba atamfuata yule bwana wa vitabu hata kama nafasi imekwisha chukuliwa na mwingine, kwamba atapita nyumba kwa nyumba awaambie watu hakuwa mwendawazimu. Kaka akaikunja karatasi, akaitia mfuko wa shati, akasimama kwenye mlango wa karakana, mkono kwenye fremu.

"Nisamehe, mdogo wangu." Kisha, kwa upole kabisa, "Lakini kesho utapika?"

Chini ya benchi, nyuma ya miguu ya Shangazi, lilikuwapo sanduku lake, limefungwa kamba tangu asubuhi. Hakulitazama. Alichukua karatasi mpya, akachomoa kalamu kwenye nywele, akaisugua, akaijaribu kwenye ukucha.

"Simama hapo hapo, kaka," akamwambia. "Usitikisike. Nataka nikuchore."

Akaanzia viatu, na vumbi lililo juu ya viatu, maana alitaka kuondoka naye mzima, asisahau kitu. Naye kaka, maskini, akadhani amekwisha samehewa. Akanyoosha kola ya shati, akatulia.